Muulize Bibi: Mzee wa kijiti mdomoni

Mwezi uliopita niligusia, kwa mistari miwili tu, kwamba meneja ninayempenda kuliko wote katika besiboli ya Marekani ni Dusty Baker. Mistari miwili! Mkaniletea barua kama vile nimetangaza posa. Basi safu yote ya leo ni yake. Asiyejua besiboli avumilie, nitaeleza njiani. Anayeijua sana naye anisamehe nikimrudisha darasa la kwanza.

*Shikamoo Bibi. Dusty ni jina la kubatizwa au la mtaani? Na alicheza kweli, au ni wale walioingia umeneja kwa cheti? Mjukuu Mdadisi*

Marahaba, mjukuu wangu. Jina la kwenye karatasi ni Johnnie B. Baker, na kwa kuwa baba yake alikuwa na jina hilohilo, yeye akawa Johnnie mdogo. Dusty ni kazi ya mama yake: mtoto alikuwa habanduki kwenye udongo, naye akamwita mwenye vumbi. Jina likaganda. Alizaliwa Riverside, California, tarehe 15 Juni 1949, kifungua mimba katika watoto watano.

Alicheza kwelikweli: misimu 19 katika ligi kuu, kuanzia 1968 hadi 1986. Alianzia Atlanta Braves, akaenda Los Angeles Dodgers, na mwishoni akapitia San Francisco Giants na Oakland. Alipata hiti 1,981, yaani mara 1,981 aliupiga mpira akafika besi salama, na homurani 242, yaani mara 242 aliupiga mpira ukavuka uzio. Ukumbuke kwamba Braves walimchukua mwaka 1967 katika raundi ya 26 ya kugawana vijana. Ukichaguliwa raundi ya 26, wewe ni jina la kujazia karatasi.

Lakini kitu kilichomtengeneza, kwa maoni yangu, si gongo. Ni mtu. Pale Atlanta alikuwepo mpigaji nyota Henry Aaron, na kabla Dusty hajatia saini, Aaron alimwahidi mama yake kwamba atamlea kijana kama wa kwake. Ahadi hiyo hakuitupa. Baba mtu alitaka mwanawe aende chuo na hakufurahishwa kabisa na ule mkataba, kwa hiyo kijana alikuwa kusini mwa Marekani ya miaka ile, mweusi, umri miaka 18, amekorofishana na baba. Ndipo uone uzito wa mtu mzima kusema mwache kwangu.

Tarehe 8 Aprili 1974 Aaron aliivunja rekodi ya homurani ya Babe Ruth, gwiji mzungu wa zamani, kwa homurani ya 715. Kwa miezi alikuwa akiletewa barua za matusi na za vitisho vya kuuawa, kwa sababu tu mweusi anampita Ruth. Itazame picha ya usiku ule. Mpigaji anayefuata, anayengoja zamu yake gongo mkononi, ndiye Dusty. Amesimulia mara nyingi kwamba kabla ya kwenda kupiga, Aaron alimwambia anakwenda kulimaliza jambo hili sasa hivi. Akalimaliza. Wenzake wakamkimbilia, na Dusty alikuwa mmoja wa watu waliokuwa karibu kabisa.

*Bibi, nimesikia huyu mtu ndiye aliyeanzisha "nipe tano". Kweli au porojo? Mkono Juu*

Nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki ni ya mtu mwingine ambaye watu humsahau.

Tarehe 2 Oktoba 1977, siku ya mwisho ya msimu, uwanja wa Dodgers. Dusty alikuwa na homurani 29, na Dodgers walikuwa tayari na wachezaji watatu waliofikisha 30 kila mmoja. Haikuwahi kutokea timu ikawa na wanne. Mrushaji wa Houston alikuwa J.R. Richard, jitu la kutisha. Dusty akaupiga, ukatoka. Alipomaliza kuzunguka besi zote na kurudi nyumbani, yaani pale mpigaji anapoanzia, kijana anayeitwa Glenn Burke, aliyekuwa akingoja zamu, alikuwa ameuinua mkono wake juu kabisa huku kiganja kimefunguka. Watu walikuwa wamezoea kupeana mikono chini, kiunoni. Dusty hakujua afanye nini, akakipiga kile kiganja. Kisha Burke naye akaenda akapiga homurani yake ya kwanza katika ligi kuu, na safari hii Dusty ndiye aliyenyanyua mkono.

Wengi huihesabu hiyo kuwa ndiyo ya kwanza. Mimi siwezi kuapa kwamba binadamu wawili hawakuwahi kugonganisha viganja juu kabla ya 1977. Ninachosema ni kwamba wazo lilikuwa la Burke. Dusty alikuwa mtu wa kuitikia. Siku chache baadaye aliisulubu Philadelphia katika nusu fainali na kutajwa mchezaji bora wa mfululizo ule. Philadelphia mtuwekee akilini, watarudi. Mwaka 1981 akachukua ubingwa na Dodgers.

*Bibi, kwa nini mzee wa zaidi ya miaka 70 avae sare kama anataka kuingia uwanjani? Mbona makocha wa mpira wa miguu huvaa suti? Na meneja anafanya nini hasa, mbona namwona amekaa tu anatafuna kijiti? Fundi Cherehani*

Kijiti cha meno ni chake mwenyewe, sheria haikitaki. Sare ni ya urithi. Zamani meneja wengi walikuwa wachezaji hapohapo: unaongoza timu na zamu yako ya kupiga ikifika unakwenda. Frank Robinson alipokuwa meneja wa kwanza mweusi katika ligi kuu, pale Cleveland mwaka 1975, alijipanga mwenyewe kwenye orodha ya wapigaji, na zamu yake ya kwanza akapiga homurani. Wa mwisho kufanya kazi zote mbili alikuwa Pete Rose mwaka 1986. Wachezaji-meneja wamekwisha, sare imebaki. Connie Mack aliongoza Philadelphia Athletics miaka 50 akiwa na suti na tai, fundi, kwa hiyo ungempata mteja mmoja.

Kazi sasa. Kabla ya mchezo meneja hupanga nani apige wa ngapi na nani asimame wapi. Hayo hata mimi naweza kuyakosea. Ugumu uko kwa mrushaji. Mrushaji husimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja na kila kitu huanzia mkononi mwake. Mkono unachoka, lakini mwenye mkono hatakubali kwamba amechoka. Basi meneja hutoka benchini, hutembea taratibu mbele ya watu elfu arobaini, hupanda kichuguu, na hukinga kiganja. Hahitaji kusema. Mrushaji huuweka mpira kwenye kile kiganja na kuondoka, na mpira ule hupewa mwingine.

Nimeangalia besiboli miaka mingi na daftari langu la kuandikia matokeo, penseli na kifutio, na bado mwendo ule hunitia simanzi. Mtu anakwenda kumwambia mwenzake mbele ya umma, inatosha. Shikeni hicho kiganja, maana ndicho kitakachojibu barua inayofuata.

*Bibi, heshima yako ipo palepale, lakini umekosea. Baker alipewa timu zenye nyota kwa miaka 26 akashinda World Series, fainali ya ubingwa, mara moja tu. Mwaka 2002 alimpa mrushaji mpira wa kumbukumbu kabla mchezo haujaisha! Chicago aliua mikono ya vijana. Huyo ni meneja au mganga wa bahati mbaya? Msema Kweli*

Karibu, Msema Kweli. Barua kama yako ndiyo inayonifanya nichonge penseli.

Tuanze 1993, mwaka wake wa kwanza. Alipostaafu kucheza alijaribu kazi ya kuuza hisa, ikamshinda moyo; akarudi kwa Giants mwaka 1988 kama kocha msaidizi, akafundisha kupiga, na mwaka 1993 akapewa timu yote. Akashinda mechi 103 kati ya 162. Wakati ule nafasi ya pili haikuwa na mlango, ni bingwa wa kundi tu aliyeendelea. Atlanta walishinda 104. Giants walifungwa 12 kwa 1 siku ya mwisho na Dodgers, timu yake ya zamani, wakaenda nyumbani. Mechi 103, bila kucheza hata mchezo mmoja wa mtoano! Akapewa tuzo ya meneja bora wa ligi yake, na baadaye akaipata tena 1997 na 2000. Sasa hiyo utaihesabu kuwa kushindwa?

2002 sikatai kwamba inauma. World Series, Giants na Angels, mshindi ni wa kufikisha michezo minne, na Giants walikuwa na mitatu. Mchezo wa sita, iningi ya saba kati ya tisa (katika kila iningi kila timu hupata zamu moja ya kupiga), Giants wanaongoza 5 kwa 0. Mrushaji Russ Ortiz ameruhusu hiti mbili mfululizo. Dusty akatoka, akatembea, akapanda kichuguu, akauchukua mpira. Ortiz alipogeuka kuondoka, Dusty akamrudishia mpira uleule akae nao, kumbukumbu ya mchezo ambao ungewapa ubingwa. Mrushaji mpya akaingia na mpira mwingine. Scott Spiezio wa Angels akapiga homurani ya mikimbio mitatu, yaani pointi tatu. Iningi ya nane Angels wakaongeza mitatu mingine. 6 kwa 5. Kesho yake wakafungwa mchezo wa saba, basi.

Tangu hapo ule mpira umekuwa ndiyo kesi. Wanasema alishangilia mapema, aliwachokoza Angels. Mimi nimeurudia mkanda ule mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Ninachokiona ni mtu aliyelelewa na Aaron akimfanyia kijana wake jambo la staha katika ule mwendo wa simanzi. Ni kweli, wakati haukuwa wake. Na mimi niliwahi kumpa mfanyakazi mwenzangu saa ya ukutani kwa kumuaga, barua yake ya uhamisho haijasainiwa. Uhamisho ukafutwa. Tukakaa ofisi moja miaka minne zaidi, saa yangu iko juu ya kichwa chake inanitazama. Kwa hiyo najua aibu ya zawadi iliyowahi. Lakini mpira wa mfukoni mwa Ortiz haukumrushia Spiezio.

Chicago, hapo nitakuachia nafasi. Mwaka 2003 Cubs, ambao hawakuwa wameiona World Series tangu 1945, walihitaji kuwatoa wapigaji watano tu wa Marlins waingie fainali. Wanaongoza 3 kwa 0, Mark Prior anarusha. Ukaja ule mpira wa pembeni ambao shabiki aliugusa, na nchi nzima ikamlaani maskini yule. Watu husahau kwamba baada yake mpira rahisi wa chini ulimponyoka mlinzi Alex Gonzalez, na kwamba Marlins walipata mikimbio minane katika iningi ile. Shabiki hawezi kukufungisha minane. Dusty alichelewa kutoka benchini? Naam, alichelewa, na daftari langu linasema hivyo kwa wino. Prior alirusha zaidi ya iningi 200 msimu ule akiwa na miaka 22 na 23, kisha bega likaanza kumsumbua, na mchezo wake wa mwisho katika ligi kuu aliucheza 2006, hajafika miaka 26. Sitasema Dusty peke yake alimvunja. Zama zile karibu kila meneja alimwacha mrushaji mzuri aendelee. Lakini sitamfutia pia.

Cincinnati aliwafikisha mtoano mara tatu. Washington akashinda mechi 95 mwaka 2016 na 97 mwaka 2017, zote mbili akatolewa katika mchezo wa tano wa mtoano, na mwishoni hakuongezewa mkataba. Miaka miwili baadaye, yeye yuko nyumbani, Washington haohao wakatwaa World Series. Unajua waliwafunga nani? Houston Astros.

*Bibi, si hao Houston walioiba? Mzee muadilifu alifuata nini kwa wezi? Pipa la Taka*

Jina ulilojipa linaonyesha unaijua kesi. Kwa wengine: mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, humpa mrushaji ishara kwa vidole, mpira wa namna gani arushe. Msimu wa 2017 Astros waliiba ishara hizo kwa kamera iliyokuwa uwanjani kwao. Mtu akatazama skrini karibu na benchi, kisha akapiga pipa la taka kwa gongo kumjulisha mpigaji. Mwaka ule wakawa mabingwa. Januari 2020 adhabu ikatoka: faini ya dola milioni 5, haki ya kuchagua vijana wa raundi za juu ikaondolewa kwa miaka miwili, meneja A.J. Hinch na bosi wa timu wakafungiwa mwaka mmoja na siku hiyohiyo wakafukuzwa.

Timu inazomewa kila mji. Msimu unaanza baada ya wiki chache. Wakampigia simu mzee wa miaka 70 aliyekaa nje miaka miwili, aliyekwisha kupona saratani ya tezi dume, aliyewahi kupata kiharusi kidogo mwaka 2012. Alifuata nini? Alifuata pete ya ubingwa aliyoikosa kama meneja, wala hakuficha. Nao walimfuata yeye kwa sababu hakuna mtu besiboli nzima aliyekuwa na neno baya juu ya jina lake. Walikodi jina. Akalitoa, lakini pamoja na kazi. 2021 akawafikisha World Series, na hapo akawa meneja wa kwanza kuchukua ubingwa wa kundi na timu tano tofauti. Wapinzani wake katika fainali wakawa Atlanta, timu ya Aaron, katika mwaka ambao Aaron alifariki Januari. Akafungwa michezo 4 kwa 2.

Mei 2022 akafikisha ushindi wa 2,000, wa kwanza kati ya mameneja weusi. Na vuli, tena fainali, na Philadelphia. Niliwaambia watarudi.

Mchezo wa nne ulianza kwetu saa tisa za usiku. Nilikuwa na daftari, blanketi, na simu nimeishusha sauti nisiamshe watu. Astros walikuwa nyuma kwa mchezo mmoja. Mrushaji wao Cristian Javier, miaka 25, alirusha iningi sita bila mtu kumpata hiti hata moja. Katika historia yote ya World Series mrushaji mmoja tu alikuwa amemaliza mchezo bila kuruhusu hiti, Don Larsen mwaka 1956. Iningi tatu tu zimebaki kijana aandikwe pamoja naye. Ila alikuwa ameshatupa mipira 97.

Nikaandika pembeni kwa penseli: *atamwacha*. Mzee huyu wa kuwapa watu kumbukumbu zao, mzee wa Prior na iningi 200, nilijua atamwacha.

Hakumwacha. Safari hii hata kutembea hakutembea, mambo yaliishia benchini kati ya iningi na iningi. Ya saba alianza Bryan Abreu, akaja Rafael Montero, akamaliza Ryan Pressly. Hakuna aliyeruhusu hiti. 5 kwa 0, hiti sifuri, warushaji wanne, jambo ambalo World Series haikuwahi kuliona. Kulipokucha nilichukua kifutio nikafuta lile neno, lakini karatasi ilikuwa laini na ukiangalia kwa pembeni bado linasomeka.

Tarehe 5 Novemba, mchezo wa sita, Yordan Álvarez aliupiga mpira wa mikimbio mitatu ambao sijui kama umeshatua, na Houston wakamaliza 4 kwa 1. Mpira wa mwisho uliruka pembeni, Kyle Tucker akauteremkia akaudaka. Kamera ikageukia benchini: mzee wa miaka 73 amezongwa na wasaidizi wake wanarukaruka naye. Hakuwahi kuwepo meneja mwenye umri ule aliyeshinda World Series. Akaongoza msimu mmoja zaidi, akastaafu 2023 na ushindi 2,183. Wakati huo walikuwa mbele yake watu sita tu.

*Bibi, yule mtoto aliyenusurika kukanyagwa kwenye World Series ni wa kwake? Yuko wapi? Mama Pacha*

Ni wa kwake, dada yangu. Darren. Mwaka 2002, mchezo wa tano, alikuwa na miaka mitatu na kazi ya kuokota magongo. Kenny Lofton akapiga, na mtoto kwa moyo wa kazi akakimbilia gongo palepale nyumbani huku wakimbiaji wawili wanakuja mbio. J.T. Snow alivuka besi, akamdaka kwa koti kifuani kama anavyobebwa paka, akaondoka naye. Baada ya hapo ligi ikaweka sheria kwamba waokota magongo wawe na miaka 14 au zaidi.

Washington, timu ileile iliyomwacha baba, ilimchagua mwaka 2021. Tarehe 1 Septemba 2024 aliitwa kupiga kwa mara ya kwanza katika ligi kuu, dhidi ya Cubs. Akapata hiti, akakimbia, akasimama kwenye besi ya kwanza. Nimeiandika daftarini.